Nyumba ya Lustron ya 1949, Columbus: enameli imemeguka, gata linavuja, mkandarasi anataka kuifunika yote. Nianzie wapi?

Ziwa_T

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua nyumba za chuma zilizotoka kiwandani baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa hizi za Lustron. Kuna moja inauzwa hapa Columbus, Ohio. Ni ya 1949, vyumba viwili vya kulala, rangi ya kijivu, dirisha la sebuleni limechomoza nje, na barazani kuna ile nguzo ya zigizaga. Nje na ndani ni chuma chenye enameli, paa nalo ni vigae vya chuma.

Hali yake: paneli kama kumi na tano zimemeguka enameli, nyingi ziko karibu na mlango na chini ya gata. Ukuta wa nyuma ulipakwa rangi ya kawaida ya nyumba, sasa inabanduka kama magamba. Gata linavuja kwenye kona mbili. Mfumo wa joto wa zamani ulishaondolewa. Majirani wanasema wakati wa baridi kali kuta za ndani hutoa jasho. Soketi za umeme zina matundu mawili tu, hazina ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini).

Mkandarasi aliyeletwa na muuzaji anashauri mambo mawili: kupuliza povu la kuzuia joto ndani ya kuta zote, halafu kufunika nje kwa mbao za plastiki. Anasema kazi itaisha kwa wiki mbili na nyumba "itakuwa mpya". Je, ni ushauri mzuri? Na je, nyumba hii ina thamani yoyote ya kihistoria, au ni bati la zamani tu?

---

FundiBati

Mkuu, usikubali povu na usikubali plastiki. Vyote viwili vitaiharibu nyumba ambayo, kwa maelezo yako, bado inatengenezeka. Mimi nitaongelea paneli, wengine watakuja kwenye joto na umeme.

Kwanza elewa unashika kitu gani. Enameli ni unga wa kioo uliochomwa juu ya bati la chuma kwa joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi hadi ukayeyuka na kushikana nalo. Ni kama vile vikombe vyeupe vya enameli vyenye ukingo wa bluu tulivyokulia navyo: haipauki, hailiwi na kutu, lakini ukiigonga inameguka, na kutu huanzia pale pale palipomeguka. Kwa hiyo paneli ikiwa nzima haihitaji rangi wala vanishi, inahitaji kuoshwa tu. Iliyomeguka inahitaji kazi ndogo iliyofanywa kwa subira.

Kwa mmeguko mdogo kuliko kiganja cha mkono, fanya hivi. Osha paneli kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini ya maji na kitambaa, suuza, kausha. Vaa miwani, maana vipande vya enameli ni kioo. Ondoa magamba yaliyolegea kwa kijiti cha plastiki au mbao, usitumie patasi wala nyundo. Bandika utepe wa kuzibia rangi kuzunguka jeraha, ukiacha milimita 2 au 3 tu za enameli nzima. Sugua kutu kwa msasa namba 220, malizia na 320, mpaka chuma king'ae. Msasa ukitoka nje ya utepe utaacha mikwaruzo kwenye enameli ambayo haiondoki tena. Futa vumbi kwa spiriti, kisha paka praima ya epoksi ya chuma siku ile ile. Chuma kilichosafishwa kikilala usiku mmoja kwenye unyevu wa Ohio, asubuhi kitakuwa na kutu jipya hata kama hulioni, na praima itakaa juu ya kutu hilo. Fanya kazi joto likiwa juu ya nyuzi 10 za Selsiasi na kukiwa kukavu.

Baada ya praima, weka rangi ya kumalizia ya epoksi ya kutengenezea vyombo vya enameli, au rangi ya magari ya kuchanganya na kigumishi. Tabaka nyembamba mbili au tatu zinatosha kujaza shimo, kwa sababu enameli yenyewe ni nyembamba sana. Kuhusu kulinganisha rangi, duka la rangi za magari lina kifaa cha kusoma rangi. Kipimo kichukuliwe kwenye paneli iliyooshwa vizuri, isiwe ile yenye masizi ya miaka sabini. Mwombe muuza rangi apunguze mng'ao, kwa sababu enameli ya nje ya Lustron haing'ai kama gari. Nusu lita inatosha paneli zako zote kumi na tano na itabaki.

Dawa za asidi za kubadilisha kutu sizipendi hapa. Zikivuja kwenye enameli zinaacha doa lililofifia. Na zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zisikaribie ukuta kabisa: zinaacha chembe ndogo za chuma ambazo wiki ijayo zitakuwa vitone vya kutu.

Paneli iliyotoboka au iliyojikunja usiijaze udongo wa kuzibia wa magari. Ibadilishe. Paneli za nje za kawaida ni mraba wa futi 2 kwa 2, yaani sentimita 61, na kwa kuwa zilitoka kiwanda kimoja zinaingiliana kati ya nyumba na nyumba. Wamiliki wengi hununua vipuri kutoka kwenye Lustron zilizobomolewa. Kama hupati ya kijivu, hamisha nzima kutoka nyuma uilete mbele, na mbovu ipeleke mahali pasipoonekana.

Ukuta uliopakwa rangi una habari njema: rangi haishiki vizuri kwenye kioo, ndiyo maana inabanduka. Kabla ya kuigusa, ipime madini ya risasi, kwa kuwa nchini Marekani rangi ya risasi iliruhusiwa majumbani mpaka 1978. Ikiwa nayo, kazi ifanywe bila vumbi, chini pametandikwa turubai, na takataka zikusanywe zote. Tumia dawa nzito ya kuondolea rangi yenye benzili alkoholi, ipake nene, ifunike kwa karatasi ya plastiki saa 12 hadi 24, kisha kwangua kwa kikwanguo cha plastiki. Anza na paneli moja uone. Dawa kali za zamani zenye methilini kloridi haziruhusiwi kuuzwa rejareja kwa kazi hii tangu 2019, na ni vizuri, zimeua watu bafuni.

Usitumie bunduki ya hewa moto, maana enameli hupasuka kwa joto la ghafla na gasketi za plastiki katikati ya paneli huyeyuka. Usipulize mchanga. Usitumie pampu ya maji ya presha: maji yatasukumwa nyuma ya paneli hadi kwenye fremu.

Gasketi: kati ya paneli kuna mkanda wa PVC. Baada ya miaka mingi unakuwa mgumu na kusinyaa kidogo kwenye makutano ya kona nne. Kama bado umekaa mahali pake, uache. Palipo na tundu, sukumia kipande cha mpira wa EPDM au utepe wa butili usiokauka. Silikoni ndiyo kosa ninaloliona kwenye nyumba nyingi. Mtu anapita na bomba la silikoni kwenye kila mshono, kisha paneli hazifunguki tena bila kumeguka kingo, na pale ilipogusa hakuna rangi itakayoshika maisha yote.

---

Mhandisi_Nuru

Naunga mkono yote ya FundiBati. Ila enameli ndiyo inayoonekana, siyo inayoibeba nyumba. Kinachobeba ni fremu ya chuma ya kuta na kenchi za chuma, na hicho ndicho cha kuangalia kabla ya kulipa hata senti. Adui ni maji yaliyonaswa mahali yasikoweza kukauka.

Anzia chini. Nyumba imekaa juu ya sakafu ya zege, na fremu ya ukuta imefungwa kwenye ukingo wa zege hilo. Watu wamepanda maua, wakaongeza udongo na mbolea mwaka baada ya mwaka, mpaka udongo umefika kwenye paneli ya chini. Hapo fremu inakaa ndani ya unyevu majira yote. Karibu na mlango kuna chumvi ya kuyeyushia barafu, na bila shaka ndiyo maana paneli zako za mlangoni ndizo zilizoathirika zaidi. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya paneli, weka kokoto, na mteremko uelekee mbali na nyumba. Kisha tumia kamera ndogo ya waya, ile wanayotumia mafundi wa mabomba, uipitishe kwenye tundu lililopo tayari, la bomba au la soketi, uangalie mguu wa fremu kwenye kona zote nne, chini ya kila dirisha, na chini ya pale gata linapovuja. Kutu la juujuu lenye rangi ya machungwa si tatizo. Kutu linalotoka kwa tabaka kama kurasa, au chuma kinachotobolewa na bisibisi, hilo linahitaji mtu wa kuchomelea, na bei ya nyumba ishuke.

Gata nalo ni chuma chenye enameli na limefungamana na ukingo wa paa. Likivuja kwenye maungio, maji yanaenda kwenye ncha za kenchi na kichwa cha ukuta. Toa majani, pima mteremko kwa maji ya ndoo, safisha maungio, kausha kabisa, kisha ziba kwa utepe wa butili wenye kitambaa juu yake, upana wa sentimita 10. Gata likiwa limeoza sehemu ndefu, tandika ndani yake utando wa EPDM kipande kimoja bila kiungo. Hii ni bora kuliko kulitoa, kwa sababu ukilitoa unagusa vigae vya safu ya mwisho.

Juu ya paa usitembee. Vigae vile vikikunjwa na uzito wa mtu, enameli inapasuka nyufa nyembamba ambazo hutaziona mpaka kutu litoke. Ikibidi kupanda, weka sponji nene sentimita 5, juu yake kipande cha mbao nyembamba, utawanye uzito. Tafuta uvujaji kwanza karibu na bomba la hewa la choo na kwenye mgongo wa paa. Njia rahisi ni kuingia juu ya dari mchana, kuzima tochi na kutafuta miale ya jua. Kanyaga kwenye ubao uliolalia kenchi tu, kamwe usikanyage paneli za dari.

Skrubu zilizooza badilisha kwa za chuma cha pua. Wengine wanaogopa kuchanganya metali. Hapa hofu haina msingi mkubwa, kwa sababu skrubu ni ndogo na fremu ni kubwa, hivyo ulaji unasambaa. Hatari ni kinyume chake: skrubu za alumini kwenye chuma, hizo zitaliwa haraka.

Sasa joto. Mfumo wa asili ulikuwa na tanuri lililoning'inia kwenye chumba cha huduma, likipuliza hewa moto kwenye nafasi iliyo juu ya dari. Dari ya chuma inapata joto na kulimulika chini. Wazo zuri kwenye karatasi, lakini joto hupanda, zege la chini halina kizuizi, na miguu hubaki ya baridi. Kama tanuri lilishatolewa usihangaike kulirudisha. Mashine ya kupasha na kupoza ya vipande viwili, moja nje na nyingine ndani, inafaa sana kwa nyumba ya futi za mraba karibu 1,000 kama hii. Mabomba yake yasitoboe paneli ya asili. Toa paneli moja, ihifadhi, mwombe fundi bati akutengenezee nyingine ya vipimo vile vile kwa bati la mabati la milimita 1, mikunjo ya kingo ikifuata ile ya asili, ipakwe rangi ya poda, na hiyo ndiyo utoboe. Siku ukitaka kurudisha, paneli yako ipo.

Kwa kuwa ile nafasi ya juu ya dari haibebi tena hewa moto, tandika blanketi za faibaglasi au sufi ya mwamba, sentimita 25 hadi 30, na uache matundu ya hewa ya paa wazi. Usipulize ile ya karatasi iliyosagwa: baadhi huwekewa chumvi za amoniamu sulfeti kuzuia moto, na zikilowa zinakula chuma.

Povu ukutani ni baya kwa sababu tatu. Linagandisha paneli kwenye fremu, basi huwezi tena kufungua hata moja bila kuiharibu. Linafunika kutu lililopo na kushikilia maji kila paa au gata linapovuja. Na likivimba kupita kiasi linasukuma paneli nje, kingo zinagusana na enameli inameguka. Jasho la ukutani linatoka kwingine: fremu ya chuma inabeba baridi kutoka nje hadi ndani, na hewa ya ndani ina unyevu mwingi. Weka feni ya kutoa hewa jikoni na bafuni, itoke nje ya nyumba na siyo juu ya dari. Nunua kipima unyevu cha bei ndogo. Wakati wa baridi kali unyevu ubaki kati ya asilimia 30 na 40. Madirisha ya alumini ya kioo kimoja yaongezewe kioo au akriliki kwa ndani, iliyoshikwa kwa sumaku. Chuma kipo pande zote, hutahitaji skrubu hata moja.

Umeme ndio wa haraka kuliko vyote. Nyumba nzima ni chuma. Waya wa 1949 ukichubuka nyuma ya paneli, ukuta wenyewe unaweza kuwa na umeme. Fundi umeme mwenye leseni avute nyaya mpya zenye ethi, aunganishe mwili wa chuma wa nyumba na mfumo wa ethi kwenye boksi kuu, na aweke vifaa vya kukata umeme unapovuja kwenye sakiti zote. Kila tundu ambamo waya unapita kwenye chuma liwe na pete ya mpira. Hili lifanyike kabla hamjahamia.

Sakafu: ukikuta vigae vyeusi au kahawia vya inchi 9 kwa 9, chukulia vina asbesto mpaka maabara iseme vingine. Usivisage wala kuving'oa. Funika kwa sakafu ya kuelea, ila pima kwanza milango ya kutelezea, ina nafasi ndogo sana chini.

---

Ziwa_T

Asanteni sana, kaka FundiBati na Mhandisi. Mmenifungua macho. Maswali mawili madogo: tunatundikaje vitu ukutani bila kutoboa? Na intaneti bila waya itapita kweli kwenye kuta hizi?

---

FundiBati

Picha na vioo vidogo: sumaku za neodimi zilizofunikwa mpira, ili zisikwaruze. Angalia uzito ulioandikwa, kisha ugawe kwa tatu, maana sumaku ikivutwa kwenda chini inateleza mapema kuliko inapovutwa kutoka ukutani. Pazia, zipo fimbo zenye sumaku. Televisheni iweke kwenye meza yake, paneli ya ndani haikuundwa kubeba mzigo unaochomoza.

Ukilazimika kutoboa, toboa paneli bandia. Ukilazimika kutoboa ya asili, weka utepe juu, tumia kekee ya kabaidi, mwendo wa polepole, bila kugonga, na ukimaliza paka praima kingo za tundu.

Intaneti: chuma kinazuia mawimbi. Kifaa kimoja sebuleni hakitafika vyumbani. Pitisha kebo ya mtandao nyuma ya ubao wa chini ya ukuta na uweke kifaa cha pili upande wa vyumba. Simu za mkononi nazo zitasumbua ndani, hivyo washa kupiga simu kupitia intaneti.

---

Mhifadhi_K

Ngoja nijibu lile la mwisho la swali la kwanza, kama ni bati la zamani tu. Ndugu, unaishi kwenye mji ambako nyumba hizi zote zilitengenezwa. Lustron zote zilitoka Columbus, kwenye kiwanda kilichokuwa cha ndege cha Curtiss-Wright, kati ya 1948 na 1950.

Mwaka 1946 Marekani ilikuwa na mamilioni ya askari waliorudi vitani na hapakuwa na nyumba. Carl Strandlund, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyekuwa kwenye kampuni ya enameli ya Chicago, alikwenda Washington kuomba mgao wa chuma cha kujengea vituo vya mafuta vya paneli za enameli. Aliambiwa chuma ni cha nyumba. Akarudi na mpango wa nyumba ya paneli hizo hizo. Wasanifu wa Chicago, Morris Beckman na Roy Blass, ndio walioichora. Serikali kupitia shirika lake la mikopo, Reconstruction Finance Corporation, iliitolea kampuni hiyo jumla ya dola milioni 37.5.

Mpango ulikuwa nyumba 100 kwa siku. Hazikufika. Zilizojengwa ni takriban 2,500 tu. Vipande zaidi ya 3,000 vya nyumba moja vilipangwa kwenye trela kwa utaratibu wa kutumika, hadi kwenye kiwanja. Kiwandani kazi ilikwenda vizuri. Iliyokwama ni ya nje. Wakala alipaswa kulipia nyumba nzima kabla mnunuzi hajapata mkopo, mabenki yaliogopa kukopeshea kitu kisichofanana na nyumba walizozizoea, na kanuni za ujenzi za miji mingi zilidai mabomba na nyaya kwa namna ambayo nyumba ya kiwandani haikuwa nayo. Bei iliyoahidiwa ya dola 7,000 ilipanda ikavuka 10,000. Siasa nazo ziliingia: seneta Joseph McCarthy alilipwa na kampuni hiyo dola 10,000 kwa kijitabu kuhusu makazi, na ilipojulikana haikumsaidia mtu. Mwaka 1950 serikali iliidai mikopo yake, kiwanda kikafungwa. Chuma kilikuwa bado kinafanya kazi yake kwenye nyumba zilizokwisha simama, na nyingi zimesimama mpaka leo, hasa Ohio, Illinois na Indiana.

Kwamba zinaweza kufunguliwa na kujengwa upya limeshathibitishwa. Lustron moja ya Arlington, Virginia, ilivunjwa kipande kwa kipande, ikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la MoMA mjini New York mwaka 2008, na sasa iko hapo hapo kwenu, ndani ya jumba la Ohio History Connection, ambako maonyesho yake yalifunguliwa 2013. Nenda ukaitazame kabla ya kununua. Utaona gasketi, kabati za ukutani na dari zinavyopaswa kuwa zikiwa safi. Kambi ya wanamaji ya Quantico, Virginia, ilikuwa na karibu 60 mahali pamoja, na karibu zote zimeondolewa. Kwa hiyo yako ina thamani, na kila inayofunikwa plastiki na povu ni moja imepungua, kwa sababu haitafunguliwa tena ikiwa nzima.

Nyumba kadhaa za Lustron zimeorodheshwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Usichanganye mambo mawili, maana watu wanauziana maneno. Rejista ya taifa haimkatazi mwenye nyumba kubomoa kwa fedha zake mwenyewe. Kinachoweza kumkataza ni sheria ya mji wenu kama mji umeitambua nyumba au mtaa. Na ile nafuu ya kodi ya serikali kuu ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati ni kwa majengo yanayoingiza kipato, kama nyumba ya kupangisha. Ukiishi mwenyewe hupati. Kama mnafikiria kuipangisha baadaye, ombeni idhini kabla ya kazi kuanza, kwa sababu plastiki ikishapigwa nje ombi limekwisha.

---

Bi_Leicester

Kwa wasomaji walioko Uingereza, kwa kuwa najua wengi wanapanga au wanauziwa nyumba za halmashauri: za huku ni tofauti, msichukue ushauri wa enameli. Nyumba ya chuma mtakayokutana nayo zaidi ni BISF (jina limetokana na shirikisho la viwanda vya chuma la Uingereza), iliyochorwa na Frederick Gibberd pamoja na mhandisi Donovan Lee. Mifano ya kwanza ilisimamishwa Northolt mwaka 1944, na zilijengwa zaidi ya 30,000. Ni za ghorofa moja juu, mbili mbili zimeshikana. Chini kuna lipu juu ya wavu wa chuma, juu kuna bati lenye mifuo ya wima lililopakwa rangi. Hilo bati linahitaji rangi kila baada ya miaka kadhaa, tofauti na Lustron.

Angalieni nguzo za fremu chini kabisa na kwenye kona, na chini ya madirisha. Paa la asili mara nyingi ni shuka za asbesto, hivyo msipande, msitoboe, msioshe kwa presha. Asbesto huweza kuwa pia kwenye mabomba ya moshi. Ukifunika kuta kwa nje ili kupunguza bili ya joto, jambo ambalo huku linaruhusiwa na lina maana kwa BISF, acha mwanya wa hewa nyuma na uhakikishe fremu imekaguliwa na kutibiwa kwanza. Nyumba hizi hazikuwekwa kwenye orodha ya zenye kasoro chini ya sheria ya 1984, na hilo mwoneshe mkopeshaji anayesitasita.

Anayetaka kuona nyumba za muda za wakati ule zilizohifadhiwa: makumbusho ya Avoncroft yana ya aina ya Arcon, St Fagans huko Wales ina ile ya alumini, na barabara ya Wake Green, Birmingham, ina nyumba 16 za aina ya Phoenix zilizowekewa ulinzi wa kisheria zikiwa pale pale zilipojengwa.

---

Mhandisi_Nuru

Dada, umeongeza jambo la muhimu. Nisisitize ule mwanya wa hewa: huku kwetu kwenye Lustron hakuna nafasi ya kuuweka bila kubadilisha madirisha na ukingo wa paa, na ndiyo sababu nyingine ya kukataa plastiki.

---

Ziwa_T

Mkandarasi nimemwambia hapana. Jumamosi tunakwenda kukagua tena pamoja na fundi umeme. Niangalie nini kwanza, na nidai nini kwenye mkataba?

---

FundiBati

Ingia kwenye chumba cha huduma utafute kibao kidogo cha chuma. Kina namba ya muundo na namba ya nyumba, zipige picha. Ukiwa na namba ya muundo utaweza kuulizia vipuri na kufuata kitabu cha kiwanda cha kusimamishia nyumba, ambacho bado kinapatikana. Kitabu hicho ndicho kinachoonyesha paneli ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kufungua ni kukirudia kutoka mwisho kwenda mwanzo, kila kipande kikiwekewa lebo na picha, la sivyo kingo zitameguka.

Nenda na sumaku. Ipitishe kwenye kuta na kwenye vigae vya paa la ukingoni: pasiposhika, pameshabadilishwa kwa kitu kingine. Nenda na kipima voltage, fundi ajaribu kati ya ukuta na ethi ya boksi kuu kabla hujaegemea popote. Mwagia gata ndoo mbili za maji, subiri, halafu angalia ndani kwenye kona zile mbili.

Kisha chungulia gereji na kibanda cha nyuma. Wamiliki wa zamani mara nyingi waliweka paneli, vigae na gia za kufungulia madirisha zilizobaki, na wauzaji huzitupa kama chuma chakavu siku ya kuhama. Zihesabu, zipige picha, na ziandikwe kwenye mkataba kuwa zinabaki na nyumba. Gia za madirisha hasa, kwa sababu meno yake huisha na mpya ni vigumu kupata. Ukizikuta, zisafishe kwa mafuta ya taa na uzipake grisi nyepesi kabla ya kuzifunga.